Sendoff ukumbini: nyuso zinatoka zambarau, picha zina mistari. Naombeni ushauri

Picha_Kinyerezi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya sendoff Jumamosi ya wiki ijayo hapa Dar, wageni kama 300. Vifaa: kamera ya megapikseli 24 yenye sloti mbili, lenzi ya 24-70 f/2.8 (f ni tundu la lenzi), flashi mbili na triga ya kuziwasha kwa mbali. Nimejaribu ukumbini mapambo yakiwa yamefungwa: shata 1/320 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 6400, shata ya kimya (ya kielektroniki). Nyuso za jukwaani zimetoka zambarau, na hata kwenye RAW (faili ghafi la kamera) rangi hairudi. Halafu kuna mistari ya giza inayokata picha kutoka kushoto kwenda kulia. Flashi nikiielekeza darini haisaidii. Pia kamati inataka makubaliano ya maandishi. Niandike nini?

Fundi_Mwanga
Mkuu, tuanze na mistari, hiyo ni rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ya kimya husoma kihisi mstari baada ya mstari, na kwa kamera nyingi inasoma taratibu, kwa hiyo sehemu moja ya picha inasomwa taa imewaka, nyingine imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida, weka 1/100 au 1/50. Hapo kila mstari unapata mpepeso mzima. Skrini kubwa ya nyuma ya jukwaa ina mpepeso wake, hiyo ijaribu kwa 1/100, 1/80 na 1/60, kuza kwenye kioo cha kamera uchague iliyo safi. Mtu wa video naye arekodi fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, asitumie 30.

Zambarau haiponi kwenye kompyuta. Taa ya zambarau ya jukwaani ni bluu na nyekundu tupu, kijani karibu hakuna, kwa hiyo faili halina cha kurudisha. Lazima upeleke mwanga mweupe usoni. Na dari likiwa limefunikwa kitambaa cha zambarau, flashi unayoipiga juu inakurudishia zambarau ileile.

Weka flashi kwenye stendi mbili, kushoto na kulia kwa jukwaa, urefu wa mita 2.5 hadi 3, zitazame jukwaa kwa pembe ya digrii 45. Anza na ISO 1600, f/4, 1/100. Flashi tupu ikiwa mita 7 kutoka kwa maharusi, nguvu ya flashi ya 1/32 inatosha kuanzia. Ukiweka mwavuli panda hadi 1/8, maana mwavuli unakula mwanga mwingi. Usizisogeze karibu sana. Aliye mita 3 kutoka kwenye flashi anapata mwanga mara nne ya aliye mita 6, na foleni ya zawadi itatoka mbele weupe, nyuma giza. Kila stendi ifungie dumu la maji la lita 5 miguuni. Shangazi wakishaanza kucheza na vitenge, stendi nyepesi haibaki imesimama.

Da_Mwanahawa
Nakubaliana na Fundi, ila naongeza la ngozi. Usiache kamera ipime mwanga yenyewe. Jukwaa la vitambaa vyeupe litaidanganya, na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi atatoka kama kivuli. Weka kila kitu kwa mkono, pima kwenye shavu lake. Gauni likiwa jekundu la kumetameta, angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya nyekundu peke yake. Hiyo huungua, yaani hujaa kupita kiasi, mapema, na kitambaa kinakuwa bonge la rangi lisilo na mikunjo. Flashi ya juu ya kamera usiipige uso kwa uso: jasho la paji la uso linang'aa na kila kipande cha gauni kinarudisha nukta nyeupe. Msimamizi wake awe na poda na sifongo yake karibu.

Kwenye kukata ndafu, sogea upande ambao mwenye kisu hakupi mgongo, na uinuke kidogo ili mbuzi mzima aonekane pamoja na nyuso. Tukio hilo halirudiwi.

Mhazini_Mstaafu
Kuhusu kamati: andika saa za kazi (kadi ikisema saa 12 jioni, bibi harusi anaweza kuingia saa 2 usiku), idadi ya picha zilizosafishwa, tarehe ya kukabidhi, na malipo ya kila saa inayozidi. Atie sahihi mwenyekiti au mhazini, si maharusi, maana pesa ya michango iko kwao. Nusu wakati wa kuweka nafasi, nusu iliyobaki kabla ya siku yenyewe. Kamati ikishavunjwa, hakuna wa kumdai.

Picha_Kinyerezi
Asanteni sana. Mmenifungua macho. Kadi ya GB 64 inatosha? Na wameniomba nipige na kitchen party.

Fundi_Mwanga
RAW ya megapikseli 24 ni MB 25 hadi 30. Picha 1,500 ni kama GB 40, kwa hiyo GB 64 inatosha, ila weka kadi mbili na kamera iandike kila picha kwenye kadi zote mbili. Usifute chochote ukumbini.

Da_Mwanahawa
Kitchen party mdogo wangu, tafuta mpiga picha mwanamke. Pale kina mama wanafundishana mambo ya ndani na wengi wamevua ushungi. Hakuna picha ya kwenda mtandaoni bila idhini ya maandishi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna heshima.

Mapambo_na_Keki
Ombi kutoka kwetu wapambaji: fika nusu saa kabla ya wageni. Kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, f/8, ISO 200, bila flashi, anzia nusu sekunde. Piga ukumbi mzima ukiwa katikati kabisa ya njia, halafu meza moja na keki kwa karibu. Wageni wakiingia tu, viti vimesogezwa na pochi ziko juu ya meza.