Tupeane uzoefu: XPI ya CICS ilikutoa jasho wapi?

Rejista_Kumi_na_Tatu:
Wakuu wa meinfremu, salaam. Uzi huu ni wa tulioingiza mikono ndani ya CICS yenyewe, mfumo wa IBM unaoendesha miamala kwenye meinfremu. Nazungumzia programu za eksiti, yaani kodi yetu ambayo CICS inaiita ikifika sehemu fulani. Unazichomeka kwenye sehemu kama XFCREQ (maombi ya faili) au XPCFTCH (kabla programu haijaanza) kwa amri ya ENABLE PROGRAM, nazo zinaomba huduma za CICS kupitia makro za XPI: kumbukumbu kwa DFHSMMCX, kusubiri kwa DFHDSSRX, tresi (rekodi ya hatua) kwa DFHTRPTX.

Naanza na aibu yangu. Eksiti inapoitwa, rejista 1 ya prosesa inaelekeza kwenye DFHUEPAR, orodha ya vigezo ambayo CICS inaipa eksiti. Kabla ya kuita XPI unatakiwa kupakia UEPXSTOR (anwani ya eneo la vigezo vya XPI) humo humo kwenye rejista 1, na UEPSTACK (anwani ya mrundiko wa kerneli) kwenye 13. Mimi USING yangu, mstari unaoiambia asembla isome DFHUEPAR kupitia rejista gani, ilikuwa imekaa juu ya rejista 1. Wito wa kwanza ukapita vizuri, nikashangilia. Mistari miwili mbele programu ikaanguka, na kwenye dampo (picha ya kumbukumbu baada ya kuanguka) nikaona nilikuwa nasoma orodha ya vigezo vya XPI nikidhani ni DFHUEPAR. Siku hizi mstari wangu wa kwanza ni LR 2,1, yaani nakili rejista 1 kwenye 2. Haya, nani anafuata?

mzee_wa_dampo:
Umenikumbusha mbali. Mimi nilirudisha kila kitu isipokuwa 13. Unapotoka lazima uirudishie UEPEPSA (anwani ya eneo rejista zinakohifadhiwa), la sivyo unarejesha rejista kutoka kwenye mrundiko wa kerneli. Na 15 nayo usiiamini baada ya wito. Weka humo UERCNORM (jibu la "endelea kawaida") mwenyewe.

zamu_ya_usiku:
Yangu ilisimamisha rijeni nzima, yaani CICS moja inayokimbia na kazi zake zote. Eksiti ilihitaji kusubiri ECB (alama kwamba tukio limetokea), nami kwa mazoea ya programu za bechi nikaandika WAIT ya MVS, mfumo endeshi wenyewe. Kwenye majaribio nilikuwa peke yangu, kwa hiyo sikuona kitu. Tulipowasha kwenye rijeni ya kazi, taski zote zikaganda pamoja. Si kwamba zilikuwa na hitilafu: zilikuwa zinapanga foleni kwenye QR, TCB (njia ya utekelezaji) moja tu, na mimi nilikuwa nimeilaza usingizi. Hata CECI (muamala wa kutoa amri za CICS) ya kuizima ile eksiti haikujibu, maana nayo ni taski kama nyingine! Ikabidi rijeni iuliwe. Dawa ilikuwa WAIT_MVS ya DFHDSSRX: mgawa zamu wa CICS anajua unasubiri, anawapa wengine nafasi.

Halafu kusubiri kwa namna hiyo kukikuletea PURGED (taski imeamriwa kufutwa) kama jibu, usijifanye hujaona. Rudisha UERCPURG, jibu la kuiambia CICS hivyo.

asembla_bado_hai:
Mkuu hapo juu, hiyo ya PURGED wengi hatuiangalii kabisa, tunapima OK na kitu kingine chochote ni "kosa".

Kwangu ni GETMAIN, ombi la kumbukumbu la DFHSMMCX. Nilichagua aina ya SHARED_USER kwa sababu jina lilinipendeza, sina sababu nyingine. Kumbukumbu ya aina hiyo haiachiliwi taski ikiisha. Kila muamala ukaacha kipande kidogo. Siku ya nne DFHSM0133, ujumbe wa CICS kupungukiwa kumbukumbu, ikajitokeza, kila mtu akaitazama programu ya COBOL ya mwenzangu. Nikakaa kimya kama saa moja hivi (mnisamehe). Nikabadilisha kuwa TASK, yakaisha.

mgeni_kidogo:
Samahani wakubwa, hizi haziandikiki kwa COBOL?

mzee_wa_dampo:
Hapana mdogo wangu, eksiti hizi ni asembla tu. Karibu sana.

foleni_ndefu:
Kuna aliyebadilisha CONCURRENCY ya eksiti kuwa THREADSAFE (ruhusa ya kukimbia nje ya QR pia) bila kugusa kodi? Nilikuwa na kaunta kwenye eneo la kazi la pamoja, lile la GALENGTH kwenye ENABLE PROGRAM. Zamani QR ilikuwa inatulinda bila sisi kujua. Baada ya badiliko, eksiti ikawa inakimbia kwenye TCB mbili kwa wakati mmoja, na hesabu ikaanza kupungukiwa. Hakuna dampo, hakuna ujumbe, namba tu haikubali kulingana na takwimu za CICS. Nilitumia maelekezo ya CS (linganisha na badilisha kwa hatua moja) kwa kaunta, na kwa jedwali ENQUEUE ya DFHNQEDX, kufuli ya XPI.

Rejista_Kumi_na_Tatu:
Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, bora hata ianguke nijue moja.

zamu_ya_usiku:
Nimesahau moja: eksiti ya XFCREQ iliyoandika kumbukumbu za ukaguzi kwenye faili kwa EXEC CICS WRITE. Ule uandishi nao ukaiita XFCREQ. Mwenye kodi hakuwahi kusikia UEPRECUR, kaunta inayoonyesha eksiti imeitwa ndani ya yenyewe. Siyo mimi safari hii, naapa.

asembla_bado_hai:
Tumekusikia "siyo wewe".