Kamera kwenye ndege: kufuli la TSA, nailoni, AirTag au sanduku gumu? Naomba ulinganisho

fundi_picha_Ilala
Wakuu habari za leo. Mwezi ujao naenda Muscat kupiga picha za harusi, ndo mara ya kwanza natoka nje na vifaa vyangu vyote. Nina bodi mbili za kamera, lenzi nne, laptop, betri nane, flashi mbili na stendi. Nimepima kwenye mzani wa duka la jirani imekuja kilo 13, na tiketi inaruhusu kilo 7 mkononi, kwa iyo kuna vitu lazima vishuke chini kwenye mizigo hakuna namna. Sasa kinachonitisha, mwaka juzi jamaa yangu begi lilifika limefungwa vizuri na kufuli lake liko palepale, anafungua hotelini anakuta kipochi cha lenzi kipo lenzi haipo. Alipita viwanja vitatu siku ile, kila aliyemuuliza akamwambia sio hapa.

Hela yangu haitoshi kununua kila kitu. Nianze na kipi: kufuli la TSA (lile ambalo wakaguzi wa viwanja vya Marekani wana ufunguo wake), kuzungushia nailoni uwanjani, AirTag (kile kidude cha kufuatilia begi kwa simu), au nikope ninunue Pelican, lile sanduku gumu la plastiki?

kijana_wa_Kisauni
Huyo jamaa yako kufuli halikuguswa boss, waliingilia kwa zipu. Chukua begi lolote la zipu, funga kufuli, alafu chomeka kalamu ya Bic katikati ya meno ya zipu usukume, linaachia. Ukishatoa unachotaka unavuta vile vichwa viwili vya zipu na kufuli lao huku na huku, meno yanashikana tena kama hakujatokea kitu. Jaribu nyumbani na begi la zamani, mimi nilijaribu nikakaa chini kwanza. Kwa hivyo kufuli kwa begi la zipu ni mapambo, liwe la mia mbili ama la elfu tano.

Na hizo za TSA zenye kile kialama chekundu cha almasi, funguo zake kuu zilipigwa picha zikatoka gazetini Marekani 2014, mwaka uliofuata watu wakazichapa kwa printa za 3D. Faida yake ni moja, ukienda Marekani au nchi nyingine zenye funguo hizo mkaguzi anafungua bila kukata. Wewe unaenda Oman, sasa ya nini?

mama_vitenge
Mdogo wangu mimi naenda Guangzhou mara tatu mara nne kwa mwaka na nailoni sijawahi kuacha. Usimsikilize mtu anayekwambia haizuii kitu. Mwizi ana kisu ndiyo lakini hana muda, na begi lililokatwa nailoni haliwezi kufungwa tena likaonekana zima, ukiliona tu kwenye mkanda unajua limeguswa, unaenda kulalamika hapohapo kabla hujatoka nje. Lile la jamaa yako alilijua hotelini, keshachelewa.

Halafu kuna jambo watu hawalifikirii, kuwekewa. Mwaka 2023 kuna wanawake wawili wa Brazil walikamatwa Frankfurt, stika za mizigo yao zilibandikwa kwenye mabegi ya unga, yaani dawa za kulevya, huko uwanja wa Guarulhos, wakakaa ndani siku 38 ndo ikathibitika mabegi sio yao. Nailoni isingewasaidia hao, nakubali, maana begi lenyewe lilibadilishwa. Ila tangu siku ile nikishaweka mzigo kwenye mzani nalipiga picha begi likiwa juu ya mzani, namba ya kilo inaonekana na stika inaonekana. Wale dada wa kaunta wananicheka, wacheke.

Ubaya wa nailoni: wakitaka kukagua wanakata na hakuna anayekufungia tena, unaendelea na safari begi liko uchi. Na betri ukizisahau humo ndani ujue watalifungua tu.

fundi_picha_Ilala
Dada mama_vitenge asante, hiyo ya picha juu ya mzani nimeichukua. Betri nilikuwa nataka kuweka chini kupunguza uzito, kumbe haziruhusiwi?

mama_vitenge
Betri za akiba na powerbank ni mkononi tu. Chini ya Wh 100 (Wh ni kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) hakuna shida, powerbank ya 20,000 mAh ni kama Wh 74, za kamera ni ndogo sana. Vile vichwa vya chuma bandika selotepu, au kila moja ikae kwenye kifuko chake.

mpakiaji_zamani
Nimefanya kazi ya mizigo miaka 6, wapi haiwahusu. Niseme ukweli wengi wetu tulikuwa tunafanya kazi kwa jasho, ila wale wachache nawajua wanavyowaza. Wa kwanza kabisa ni mifuko ya nje. Mtu anapapasa tu, hafungui hata begi. Chaja, miwani, perfume, simu ya zamani, vinatokea hapo. Pili ni ndani ya tumbo la ndege yenyewe kwenye zile ndogo ambazo mizigo inapangwa kwa mkono, mtu amepiga magoti peke yake, nani anamuona. Ndege kubwa mizigo inaingia ndani ya makontena ya alumini kwa iyo pale juu kuna nafasi finyu, uovu unahamia kule inakopangwa.

Pelican mimi nakataa. Ni imara, haina zipu, inashika makufuli mawili, yote kweli. Ila inapiga kelele "nina kamera". Tulikuwa tukiiona kila mtu anageuka. Weka stendi na flashi kwenye begi la kawaida baya baya, katikati ya nguo chafu, nje usiweke stika ya kampuni ya kamera wala usiandike fundi picha. Kufunga zipu tumia vile vikamba vya plastiki vya mafundi umeme, rangi isiyo ya kawaida kama zambarau, mwizi akikata hana wa kurudishia. Havifiki hata elfu tano pakiti nzima. Weka na vingine mfuko wa pembeni wa kurudia.

kijana_wa_Kisauni
Hapo kwa Pelican tutakosana mzee. Begi baya linarushwa kama gunia la makaa, flashi inafika vipande. Mwizi ni bahati mbaya, kurushwa ni kila siku.

mpakiaji_zamani
Hahaha hapo umenipata. Basi sanduku gumu liingie ndani ya begi baya.

Zuhura_wa_Ruwi
Assalam aleikum. Kaka yangu mie niko huku Muscat, nimeona watu wote wanaongelea chini lakini juu nako kuna wezi. Zile safari za usiku watu wamelala, mtu anasimama anafungua kabati la juu kama anatafuta koti lake, anashusha begi sio lake, anapekua, anarudisha. Ukiamka begi lipo, unatabasamu. Weka begi kabati la upande wa pili mbele yako kidogo ili ulione, usiweke juu ya kichwa chako hapo huoni kitu, na zipu zielekee ukutani. Pesa na pasi vikae mwilini. Bodi moja na lenzi yako ya maana weka chini ya kiti cha mbele.

Jengine, ndege ikijaa watakwambia mlangoni begi lako lishuke chini. Hapo ndipo wengi wanapoibiwa wallahi, maana mtu kafunga kila kitu akijua atakaa nacho. Uwe na mfuko wa kitambaa umekunjwa, wakisema tu unatoa kamera, betri na laptop, begi tupu wachukue. Na pale kwenye mashine ya ukaguzi usisukume trei mpaka anayekutangulia apite geti, la sivyo vitu vyako vinafika upande wa pili wewe bado unavua mkanda.

Na kama una droni iache nyumbani, huku bila kibali utaipeleka moja kwa moja mikononi mwa serikali. Stendi na flashi kwa nini ubebe? Wapiga picha wa huku wanakodisha. Nikuulizie?

wakili_wa_vijiweni
Niwasaidie kwenye fidia maana hapa ndo watu hulia. Kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania na Oman zote zimo. Kikomo cha fidia ya mizigo kwa abiria ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha shirika la IMF) tangu tarehe 28 Desemba 2024, hiyo ni kama dola elfu mbili na ushee. Lenzi zako mbili tu zinamaliza. Na masharti ya mashirika mengi yanasema kamera, vito, fedha taslimu visiwekwe chini, kwa iyo ukiweka wataanza kubishana na wewe hapo hapo.

Kuna kitu kinaitwa tamko la thamani, unatangaza kaunta kabla ya safari thamani halisi ya mzigo unalipia nyongeza, kikomo kinapanda. Wahudumu wengine hata hawajui, mwombe msimamizi. Kilichoharibika au kupungua andika malalamiko ndani ya siku 7, lakini usisubiri, jaza ile fomu ya PIR, ya kuripoti mzigo wenye tatizo, kabla hujavuka forodha na uondoke na nakala. Begi lisipoonekana siku 21 linahesabiwa limepotea. Kesi mwisho miaka 2. Andika serial namba za kila kifaa na tunza risiti, ukisema "nilinunua Kariakoo kwa mtu" umekwisha.

kijana_wa_Kisauni
AirTag mmeisahau.

wakili_wa_vijiweni
AirTag inakwambia begi liko wapi, haikwambii nani alifungua. Lenzi ikiibiwa tag inabaki imelala kwenye soksi zako. Labda uifiche ndani ya kipochi cha lenzi chini ya bitana. Ila kwa begi lililoachwa njiani wakati wa kuunganisha ni dawa, tangu mwishoni mwa 2024 unaweza kuwapa shirika linki waone lilipo. Tena inataka iPhone. Ukiwa na Samsung chukua SmartTag.

fundi_picha_Ilala
Wakuu nimepata. Nina Samsung. Nimepima upya: bodi mbili, lenzi, betri na begi lenyewe ni kilo 6 na nusu, laptop nimesoma tiketi inaruhusu mfuko wake mdogo pembeni. Pelican sikopi tena. Chini zinaenda nguo na chaja za kawaida, vikamba vya zambarau nimeshanunua, na nailoni nitapiga kwa heshima ya dada yangu mama_vitenge. Wakileta ubishi wa kilo nina kizibao cha mifuko mingi, lenzi mbili navaa.

Dada Zuhura niulizie stendi mbili na flashi mbili za Godox za siku tatu, nimekutumia ujumbe pembeni.

mama_vitenge
Kizibao kivae kabla ya kufika kaunta, usivalie mbele yao.