Daktari aliyeharibu kule, huku tunampokea bila kujua: hadi lini?

Wadau, shikamooni wakubwa zangu.

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji kwenye kituo kimoja cha binafsi huko Mbagala. Siku ya nne shuka likalowa. Nilipofunua bandeji, mshono ulikuwa umeachia upande mmoja, usaha unachuruzika, na daktari anasema ni maji tu, yatakauka. Tukamkimbiza hospitali ya serikali. Nesi aliyekuwa anamsafisha alipouliza nani alimpasua, tukamtajia. Akasita, pamba mkononi, kisha akasema taratibu: "Kumbe siku hizi yuko huko?"

Kwa hiyo alikuwa anajulikana! Manesi wanamjua, waliomwachisha kazi wanamjua. Asiyemjua ni anayelala kitandani. Dada wa kazi tu hatumpokei nyumbani kabla hatujauliza alitoka wapi na aliondokaje.

Marekani walipitisha sheria mwaka 1986, na Septemba 1990 kanzidata ya taifa ikaanza kazi: fidia zilizolipwa wagonjwa, leseni zilizosimamishwa, vyote vinaingia humo. Hospitali inalazimika kuitazama kabla ya kumpokea daktari, na tena kila baada ya miaka 2. Hata hivyo hospitali moja ya Texas ilimwacha daktari mpasuaji Christopher Duntsch ajiuzulu bila kumripoti. Akaenda kupasua kwingine, watu wakaumia tena, hadi akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2017. Kanzidata ilikuwepo, aliyetakiwa kuijaza alinyamaza.

Baraza la Madaktari Tanganyika tunalo, na ndilo linalowasajili. Mimi nataka anayemwondoa daktari kwa kosa la kitaalamu alazimike kuliarifu, daktari asikilizwe, na mwajiri mpya asimpe kazi kabla hajauliza. Kosa likithibitika, na sisi wananchi tulione.

Mchangiaji:
Pole sana dada, na mgonjwa apone. Mimi ni muuguzi. Mnakumbuka MOI, ile Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Novemba 2007? Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu, majina yao ya kwanza yanafanana. Pale kilichohitajika ni mtu wa kuhakiki jina na faili mlangoni. Rekodi ya nyuma isingesaidia. Usiku tunabaki wawili wodi nzima. Mkianza kuandika kila kosa, watu wataficha makosa, na mgonjwa ndiye ataumia zaidi.

Mwanzisha mada:
Asante, umenigusa. Kosa la zamu iliyoelemewa lisimfuate mtu maisha yake yote, nakubali kabisa. Tena anayekiri mapema alindwe. Ninayemsema ni anayerudia yale yale, kila akiondolewa anavuka mtaa na kuvaa koti jeupe upya. Wewe uko ndani, nieleze: ukimwona mtu wa namna hiyo kaajiriwa kituo cha jirani, unamwambia nani?