Swichi ya mtumba kuingia kwenye staki: ipi iwashwe kwanza?

Shangani_Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, ghala la korosho. Swichi yetu ya mtandao ni Cisco 2960-X ya milango 24, imejaa: kamera, mizani, kompyuta za makarani. Bosi kaleta ya pili toka Kariakoo, mtumba, aina ileile, na moduli zake mbili za FlexStack-Plus, za kuziunga ziwe staki, yaani zifanye kazi kama swichi moja. Nimeiwasha mezani peke yake, `show switch` inasema ni namba 3, kipaumbele 15. Nimepiga `write erase` kufuta usanidi wake, nikairestati, 3 na 15 bado zipo. Ni mbovu? Na nikiiunganisha, usanidi wetu utabaki? Minada inaanza Oktoba, mizani ikikosa mtandao madereva wa malori watanila mzima.

korosho_net
Chomeka tu mkuu, zitajuana zenyewe.

Fundi_Nangurukuru
Zitajuana, ila atakayeshinda ndiye utakayemjutia. Ndugu wa Shangani, usichomeke kwanza.

Swichi yako ni nzima. Namba na kipaumbele havikai kwenye startup-config (faili la usanidi linalosomwa swichi ikiwaka), ndiyo maana `write erase` haivigusi. Ukiunganisha zote mbili zikiwa zinawaka, kila moja inajiona masta, yaani kiongozi wa staki. Ya 15 inashinda, yenu inajirestati na kurudi kama memba, inafuata usanidi mtupu wa mgeni. VLAN za kamera (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi) kwaheri.

Kwenye hiyo ya mtumba, ikiwa bado peke yake, ingia `configure terminal`:

`switch 3 priority 1`
`switch 3 renumber 2`

Toka, futa na `delete flash:vlan.dat` (faili la VLAN za zamani, watu hulisahau), kisha `reload`. Ikikuuliza kuhifadhi, kataa. Kwenye yenu weka `switch 1 priority 15`, haihitaji kuzimwa, halafu `write memory` na nakala ya usanidi kwenye laptop. Linganisha `show version` za zote mbili. IOS (programu ya swichi) zikipishana, memba anaweza kukwama kwenye "Version Mismatch".

Sasa izime ya mtumba, ichomoe kabisa umeme. Unganisha kebo, ndipo uiwashe. Milango yake itasomeka Gi2/0/1 na kuendelea. Hakikisha jina la modeli linaishia na -L. Zile za -LL hazikubali staki kabisa, na Kariakoo huwa hawakuambii.

Shangani_Mtwara
Ni -L, asante kaka. Ila kebo imekuja moja tu.

Fundi_Nangurukuru
Staki itafanya kazi, kwa nusu ya kasi: 40 Gbps badala ya 80. Kwa kamera za ghala hata hutahisi. Tatizo ni kwamba kebo ikilegea staki inakatika vipande viwili, na kipande cha pili kinaweza kujifanya masta kwa anwani ya IP ileile. Agiza ya pili: mlango 1 wa moja uende mlango 2 wa nyingine, pande zote, upate duara. Ukimaliza bandika hapa `show switch stack-ports`.

Shangani_Mtwara
Nafanya Jumapili, ghala likiwa limefungwa.