Naombeni ushauri: mume wangu ni askari magereza, anakohoa mwezi wa pili sasa na hataki kupima

MamaTausi_Dom

Habari za jioni wanajukwaa, naombeni mnisaidie maana nimekaa na hili jambo peke yangu mpaka linaninyima usingizi. Mume wangu ni askari magereza hapa Dodoma, tunaishi kota za kambi, gereza sitalitaja. Anakohoa tangu mwezi wa sita mwanzoni na saivi tunaingia wa nane. Mwanzo na mimi nilijua ni vumbi, wa Dodoma mnaujua upepo wa miezi hii, mtaa mzima unakohoa, na jibu lake ndo hilo hilo kila nikimuuliza, "vumbi mama Tausi, vumbi". Kanunua dawa za kikohozi chupa nne duka la dawa, wakampa na amoksilini, wapi.

Lakini vumbi halimloweshi mtu singlendi usiku wa manane na hizi baridi ambazo wengine tunajifunika blanketi mbili. Af juzi napiga pasi gwanda zake nikaona mkanda una tundu jipya, katoboa mwenyewe kwa msumari na hakuniambia. Nilikaa kitandani na ule mkanda mkononi nikalia.

Yeye yuko upande wa mahabusu, ndo anafungua milango asubuhi kuwahesabu. Aliwahi kunisimulia lile joto linalotoka ndani mlango ukifunguliwa, kama umefunua sufuria. Mwezi wa tano kuna mahabusu alipelekwa hospitali wakamkuta na TB, aliniambia mwenyewe, af akabadilisha maongezi.

Kupima hataki kwa sababu zahanati ya kambini wote wanajuana, kuna mwenzao aliugua mwaka juzi wakamtungia jina la utani hadi leo, na watu wakisikia TB wanajua ukimwi huo. Pia kuna kozi ya cheo anaisubiri. Tausi ana mwaka na miezi saba, bado ananyonya, na mchana baba yake akiwa ofu mtoto analala juu ya kifua chake. Je niende kwa mkuu wake nimwambie au nitakuwa nimeharibu kabisa?

Bahi_Road

Pole dada. Mchemshie tangawizi na kitunguu swaumu achanganye asali asubuhi na jioni, mimi ilinisaidia.

SistaWaKliniki

Ndugu Bahi_Road nakuheshimu ila hapo hapana. Tangawizi inalainisha koo, mdudu wa TB haimgusi, na kila wiki anayochemsha huyo baba ni wiki nyingine mtoto analala kifuani pake.

Mama Tausi mimi ni nesi kliniki ya TB huku kanda ya kati. Kikohozi wiki mbili, jasho usiku, kupungua mwili, hapo hatujadili, ni makohozi tu. Na kwa mtu anayeshinda gerezani mimi hata hizo wiki mbili sizisubiri, Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema TB magerezani ni kama mara 10 ya uraiani. Kwamba askari ana funguo haijalishi, hewa anayovuta ni ile ile ya wafungwa.

Si lazima apime kambini, hospitali yoyote ya serikali yenye kliniki ya TB inampokea na haulizwi hela. Anatoa makohozi kwenye kikopo, mashine ya jini eksipati (GeneXpert) ikipatikana majibu ni masaa machache, na inaonyesha pia kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, ile dawa kuu ya TB. Akikutwa nayo, TB ya kawaida ni miezi 6, miwili ya kwanza dawa nne zimewekwa ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Kipimo cha virusi ataombwa pia lakini TB sio ukimwi, naona kila wiki watu hawana virusi na wana TB.

Mtoto ndo ananiumiza zaidi. Chanjo ya BCG inamkinga na TB kali kama ile ya utando wa ubongo, haimkingi na kila kitu. Angalia kadi yake ya kliniki, mstari wa uzito umepanda au umelala? Baba akikutwa nayo mtoto lazima achunguzwe, asipokuwa na ugonjwa anapewa dawa ya kinga. Kunyonyesha endelea. Vyombo msitenge, TB haipiti kwenye sahani wala kushikana mikono, inapita hewani. Fungueni madirisha hata kama vumbi linaingia, baba avae barakoa, na kwa sasa mtoto asilale naye.

Nilitoka_Salama

Nilikuwa mahabusu miezi 14, kesi ikafutwa. Usiku tunalala ubavu, mmoja akigeuka wote mnageuka, madirisha madogo yako juu na baridi ya mwezi wa saba ikija watu wanayaziba na mablanketi. Mwenzangu wa pembeni alikohoa miezi mitatu anaogopa kusema asije akaonekana anatafuta kupelekwa hospitali ili atoroke. Aliyemsaidia ni askari mmoja, alimtoa kwenye mstari wa hesabu akamwambia wewe leo unapimwa. Na mimi nikapimwa, nikakutwa nayo. Nilipoachiwa nilikuwa mwezi wa tatu wa dozi na hakuna aliyenipa barua ya kuhamia kliniki ya uraiani, nimetoka getini na vidonge vya siku tano, ikabidi nianze kuhangaika mwenyewe. Dada mwambie shemeji apime, hata wale waliofungiwa anawaokoa.

AfandeMstaafu

Mwanangu, kwa mkuu wake usiende. Nimetumika miaka 31, ukimtangulia kwa mkuu atakasirika na ndo hatapima kabisa. Avae kiraia siku ya ofu aende mjini. Akikutwa nayo ataleta ED mwenyewe, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, ni karatasi tu. Sisi enzi zetu tulizika wenzetu wawili waliokuwa wanasema ni sigara. Usimwambie habari ya ugonjwa wake, mwambie habari ya Tausi.

MamaTausi_Dom

Wapendwa nimerudi. Nilifanya kama baba yetu AfandeMstaafu alivyosema, nikamwekea kadi ya Tausi mezani, uzito haujapanda miezi miwili, nikamwambia kesho nampeleka mtoto kupima, kama unakuja njoo. Alikaa kimya sana. Asubuhi nikamkuta kavaa kiraia, kashika kikopo cha chai mkononi hakinywi.

Amekutwa nayo, sio sugu. Leo siku ya 9 ya dawa, juzi kaniita chooni amepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, nilimwonyesha niliposoma kwamba ni dawa. Tausi hana ugonjwa, ameanza dawa ya kinga. Na jana mwenyewe amewaandikia zahanati kwamba bweni lote la mahabusu analofungua lipimwe.

Sista, nina swali. Jirani yetu kota ya pili naye anakohoa, zamu moja na mume wangu, mke wake ana mimba ya miezi sita na anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Naweza kuja naye hapo hapo mjini bila kupita kambini?

SistaWaKliniki

Nenda naye hapo hapo mlipopima. Waende asubuhi wote wawili, mume na mke, makohozi ya kuamka ndo mazuri. Huyo mama aseme mlangoni kwamba ni mjamzito, wasimkalishe kwenye foleni ya wanaokohoa.