Naomba ushauri: deni lililosahaulika kwenye fomu SF-86
Wakuu, naomba ushauri kuhusu kibali cha usalama cha serikali ya Marekani. Sehemu ya 26 ya SF-86, fomu ya kuombea kibali hicho, inauliza madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120 ndani ya miaka 7. Deni moja halikuandikwa. Linalipwa kwa awamu, risiti zipo. Mwongozo wa 2017 wa kuamua nani apewe kibali una vigezo 13, na kwa mtazamo wangu deni lenyewe (kigezo F) huvumilika kuliko kuficha (kigezo E). Kujisahihisha mapema hupunguza uzito. Mpelelezi akishalitaja yeye, umechelewa. Sasa, marekebisho yapelekwe kwa maandishi kwa afisa usalama wa mwajiri, au yasubiri mahojiano? Na risiti ziambatishwe zote, au ratiba ya malipo inatosha?