Mnaoshauri watu wapande basi Brussels–Paris kwenda na kurudi siku moja, leo njooni hapa tuongee

Wakuu habari za jioni. Nina hasira na nitaandika kwa kirefu, asiye na muda apite kushoto.

Kila mtu akiuliza "niko Brussels, nataka niende Paris asubuhi nirudi usiku, nipande nini", jibu la kwanza halichelewi: panda basi bana, tiketi yuro kumi na kitu, unalala tu unaamkia Paris. Hakuna anayemuuliza anaenda kufanya nini, yuko na nani, wala anataka akae mjini masaa mangapi. Basi ni cheap, mjadala umefungwa. Aisee huo ushauri mnautoa wapi? Mtu anayekwenda kulala kwa mshkaji wake siku mbili akichelewa masaa matatu atalalamika kidogo halafu atasahau, lakini mwenye siku moja akichelewa masaa matatu safari yake imekufa, hana cha kufidia.

Piga hesabu hata bila kuchelewa. Brussels mpaka Paris ni kilomita mia tatu na kidogo. Treni ya kasi, hii Eurostar ambayo mpaka 2023 ilikuwa inaitwa Thalys, inatoka stesheni ya Bruxelles-Midi inakufikisha stesheni ya Gare du Nord, Paris, kwa saa 1 na dakika 22. Basi kwenye ratiba ni kama masaa manne, na ratiba imeandikwa na mtu ambaye hajui foleni ya Saint-Denis, pale unapoingia Paris. Ukitoka saa moja asubuhi unafika saa tano, la kurudi ukate la saa kumi na mbili jioni, tayari umebaki na masaa saba, toa nusu saa ya kuwahi stendi, toa muda wa kutoka Bercy, stendi ya mabasi ya Paris, mpaka unakokwenda na kurudi, sasa niambie umebaki na nini cha kuita matembezi.

Sasa yaliyonikuta. Mama mkwe wangu kaja kututembelea kutoka Tanga, anauza vitenge pale Ngamiani, na tangu amefika alikuwa anataka vitu viwili tu Paris: auone mnara wa Eiffel kwa macho yake, na afike Château Rouge, mtaa wa maduka ya Waafrika, aone wenzake wanauza vitenge bei gani. Wa huku mnaijua Château Rouge, kuna watu wanatoka Brussels kufuata tu manunuzi pale wakati Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, ipo hapohapo nyumbani. Basi nikapekua humu, nikakuta ushauri wenu, nikakata basi. Kampuni siitaji maana sitaki uzi ufutwe, ila wanaosafiri wataijua kwa tabia zake.

Tumefika stendi ya Bruxelles-Nord mapema, baridi ile ya asubuhi inayoingia mpaka kwenye mifupa, mama kajifunga kanga mbili juu ya koti. Muda wa basi umefika, basi hakuna. Aplikesheni inasema linachelewa dakika kumi. Dakika kumi zinaisha, inaandika tena kumi, zinaisha, inaandika kumi na tano, yaani wanakugawia uchelewaji kidogo kidogo kama dozi ili usiondoke ukatafute usafiri mwingine. Hapo stendi hakuna mfanyakazi wao hata mmoja, kuna nguzo tu ina alama, ukipiga simu unaongea na mashine kwa Kifaransa, ukibonyeza namba ya kuongea na mtu inakurudisha mwanzo. Basi limekuja saa mbili na dakika hamsini badala ya saa moja. Shikeni hiyo saa moja na dakika hamsini, nitairudia.

Tumepanda. Choo kimefungwa, mlangoni karatasi imebandikwa kwa selotepu, HORS SERVICE, yaani hakifanyi kazi, na hiyo karatasi ilishaanza kuwa ya njano pembeni kwahiyo sio choo cha kuharibika leo. Mama ana miaka yake na ana sukari, mnajua wenyewe mtu wa sukari na maji. Nikaenda kwa dreva nikamwambia kwa heshima kabisa kwamba tunaomba asimame popote tu, akasema hasimami mpaka sehemu ya mapumziko na ratiba yake imeshaharibika. Mama akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hivi hata kuchimba dawa huku hawasimami?" Sikuwa na jibu. Basi la Tanga kwenda Dar ukimwambia konda una mgonjwa anasimama, na abiria wote wanasubiri, tena wengine wanashukuru maana na wao walikuwa wamebanwa. Huku Ulaya mama mkwe wangu anakaa amebana miguu mpaka tunavuka mpaka.

Na kuvuka mpaka kwenyewe nako. Mnajua Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya ndani, hii Schengen ya kwenda bila kuulizwa ipo kwenye vitabu. Basi lina bahati mbaya ya kuwa basi, linasimamishwa kirahisi, wanapanda askari wawili wanakusanya paspoti na vitambulisho, wengine wanaangaliwa sekunde mbili, sisi tunaangaliwa viza ukurasa kwa ukurasa, mama anaulizwa anaenda kufanya nini na mimi ndio mkalimani. Sisemi wameonea, viza yake ilikuwa safi na walimrudishia, nasema ni dakika arobaini nyingine zimeondoka na basi zima limekaa. Kwenye treni pia wanakagua siku nyingine, ila treni inakimbia kilomita 300 kwa saa huku unakaguliwa, haisimami porini kukusubiri.

Kifupi tumeingia Bercy saa nane na nusu mchana. Ilikuwa tufike saa tano. Waliofika Bercy wanaipata picha, stendi iko chini kwa chini kama maegesho ya magari, giza na harufu ya dizeli na mkojo, mama ndio Paris yake ya kwanza hiyo. Kutoka pale unachukua metro namba 14 mpaka Châtelet, unabadilisha namba 4 mpaka Château Rouge, na Châtelet kubadilisha laini ni safari nyingine ya miguu, makorido hayaishi, mama na magoti yake. Wakati mwenye treni anashuka Gare du Nord, namba 4 iko hapohapo chini, vituo viwili tu kafika. Hii ndio kitu hamwaambiagi watu: bei ya tiketi inaishia stendi, na stendi ya basi haipo unakokwenda wewe.

Nikamwambia mama ukweli, muda tulionao ni wa sehemu moja, mnara au vitenge. Akachagua vitenge. Tukapita mtaa wa Doudeauville, akashika kitambaa akakikunja kwenye vidole, akanusa, akaniambia hiki kitatoa rangi, twende duka la mbele. Alifurahi, siwezi kudanganya. Lakini mnara kauona kwenye sumaku ya friji aliyonunua kwa kijana wa barabarani, na Jumapili anapanda ndege kurudi nyumbani.

Sasa turudi kwenye ile saa moja na dakika hamsini. Nimefika nyumbani usiku nikasema hapana, hawa lazima wanilipe, nikaenda kusoma sheria yenyewe. Kwa mabasi kuna kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 181 ya 2011, haki zake nyingi ni za safari za kilomita 250 na kuendelea, kwahiyo hii yetu imo. Inasema basi likichelewa KUONDOKA zaidi ya dakika 120 una haki ya kuchagua kurudishiwa nauli au kutafutiwa usafiri mwingine. Dakika mia na ishirini wakuu! Sisi limeondoka kwenye mia na kumi! Na kuchelewa KUFIKA je? Hakuna fidia. Sifuri. Basi linaweza kuondoka kwa wakati likafika jioni na nauli yao wakala. Halafu kuna kipengele cha chakula na vinywaji, kwamba safari ya zaidi ya masaa matatu ikichelewa kuondoka zaidi ya dakika 90 abiria wapewe chochote, nikafurahi nikasema hapa nimewapata, kumbe hicho ni kwa anayeondokea kituo chenye wahudumu, na sisi tuliondokea kwenye nguzo. Umeona sasa kwanini wanapenda nguzo.

Linganisha na treni. Kanuni mpya ya reli, 2021/782, inafanya kazi tangu Juni 2023: ukichelewa kufika kuanzia dakika 60 unarudishiwa robo ya nauli, kuanzia masaa mawili nusu. Kuna visingizio vyao vya majanga lakini angalau sheria inajua kwamba mtu anasafiri ili AFIKE. Nani aliandika ile ya mabasi? Maana anayepanda basi ndio mara nyingi hana hela ya kupoteza, halafu ndiye aliyepewa sheria yenye matundu.

Msidhani nawatetea wa treni, zamu yao hii hapa. Kwenye hiyo njia treni ya kasi ya Brussels mpaka Paris mjini ni ya kampuni moja tu, na bei inapanda kadri siku inavyokaribia, ukiwahi wiki kadhaa unaweza kupata kwa bei ya kawaida kabisa, ukichelewa mpaka siku mbili tatu kabla unakuta imepita yuro 100 kwenda tu, kurudi hujakata. Familia ya watu wanne hapo ni mshahara. Zamani kulikuwa na treni ya Izy, waliileta Thalys wenyewe 2016, ya bei chee, mpaka tiketi ya yuro kumi bila uhakika wa kiti walikuwa wanauza, nayo ikafa. Sasa hivi iliyopo ya nafuu ni treni ya Ouigo ya mwendo wa kawaida, ilianza Desemba 2024, inapita reli ya zamani kupitia Mons, kama masaa matatu hivi, ilizinduliwa kwa bei ya yuro 10 mpaka 59. Mabehewa yake ni ya zamani lakini choo kipo na kinafunguka, na inashukia Gare du Nord. Shida ilianza na safari tatu tu kwa siku, kwahiyo kwa mtu wa kwenda na kurudi inabidi saa zao zikubali saa zako. Mbona hii hamuitaji kwenye ushauri wenu? Ni basi basi basi.

Naona hapo chini kuna mkuu kashaandika "ungechukua gari". Mkuu, umeingia Paris na gari lini? Périphérique, ile barabara ya kuzunguka jiji, tangu Oktoba 2024 ni mwisho kilomita 50 kwa saa, hapo ni kama hakuna foleni, tozo za barabara kuu ya Ufaransa unalipa kwenda na kurudi, na parking mjini ukiwa na gari kubwa zito, mgeni, katikati ya jiji ni yuro 18 kwa saa. Na mwingine anauliza ndege. Kaka, Air France wenyewe abiria wao wa Brussels wanawapandisha treni pale Midi mpaka Charles de Gaulle, miaka na miaka sasa, wewe ndege unaitoa wapi.

Na kwa anayesema hata treni zinakwama, ndio, zinakwama, nakumbuka tarehe 7 Machi 2025 walipokuta bomu la vita ya pili ya dunia karibu na reli ya Gare du Nord siku nzima ikaharibika, na Julai 2024 siku ya ufunguzi wa Olimpiki watu walichoma nyaya za reli. Na migomo ya Ubelgiji tusiiongelee. Lakini hizo ni habari za kutangazwa kwenye redio. Basi kuchelewa hakutangazwi popote, ni kawaida yake, na nyie mnajua ni kawaida yake, mnanyamaza mnapomshauri mtu.

Ninachotaka kwenye huu uzi ni kitu kimoja: aliyewahi kurudishiwa nauli na kampuni ya basi kwa kuchelewa kufika, hata nusu, aseme alipita njia gani, alimwandikia nani, alitumia maneno gani. Mimi nimewaandikia, wamejibu baada ya siku kadhaa kwa ujumbe uliotungwa na kompyuta, wanasikitika kwa usumbufu na wananipa vocha ya yuro tatu nitumie kwenye safari ijayo, na ina mwisho wa matumizi. Safari ijayo! Nimewajibu kwamba vocha wakae nayo, nataka nauli mbili za kwenda zirudi kwenye akaunti, na nimeambatanisha picha ya ule mlango wa choo. Wakijibu nitaweka hapa.